Kofia na Kengele

Ukitaka kumjua mtu anayehesabu vitu vidogo, mtazame shingo. Sisimizi alikuwa na miaka ishirini na minne tu, lakini shingo yake ilishazeeka. Ukimwita kwa nyuma aligeuka na mabega yote, kama kabati linalosogezwa. Jina la Sisimizi alipewa na Fundi Asidi siku ya kwanza aliyoingia kazini, kwa sababu alipita mlangoni bila kusikika, amebeba sanduku kubwa kuliko yeye. Jina likamganda. Hata Daktari, mkuu wa chumba, alimwita hivyo, akasahau kwamba kwenye faili kuna jingine.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Meli moja ilikwenda mbali, ikashusha bomba refu mpaka sakafu ya bahari, kule ambako jua halijawahi kufika, ikavuta tope lililolala huko tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka. Tope likakatwa vipande vya upana wa kidole, kila kipande kikapewa namba. Namba moja ni cha juu kabisa, kichanga kuliko vyote. Kadiri namba inavyoongezeka, ndivyo unavyozidi kurudi nyuma, zamani za kale. Fundi Asidi alichemsha kila kipande kwenye asidi, akakichekecha, akaosha, akakichekecha tena, kisha kilichobaki akakibandika juu ya vioo vitano vyembamba vinavyoitwa slaidi.

Kilichobaki kwa macho ya kawaida ni vumbi. Lakini weka vumbi hilo chini ya hadubini, utaona mambo. Utaona radiolaria, viumbe wa baharini wadogo kuliko punje ya chumvi, waliokufa wakaacha mifupa ya kioo. Wengine mipira yenye miiba, wengine vikapu vyenye matundu, wengine mataji. Katika kila slaidi Sisimizi alihesabu mia tatu, akaandika kila aina wako wangapi. Slaidi moja siku moja, kipande kimoja wiki moja. Ijumaa ikifika alikuwa ameshahesabu elfu moja na mia tano, na Jumatatu walimsubiri wengine, wametulia, maana mfu hana haraka.

Daktari, ambaye Fundi Asidi alisema hajawahi kutibu hata kikohozi, aliwajua wote kwa majina ya Kilatini, marefu kama treni ya mizigo. Majina hayo hayakuingia kwenye daftari. Aliyekalia kile kiti kabla ya Sisimizi alikuwa mama yake mdogo, na yeye aliyakataa tangu mwanzo. Alisema mkono hauwezi kuandika haraka neno ambalo ulimi hauwezi kulimeza. Akawapa majina ya nyumbani: tenga, sega, taji, kofia, kengele. Daktari akacheka, akakubali. Akaandika orodha, upande mmoja majina ya mama mdogo, upande wa pili ya Kilatini, akaibandika ukutani juu ya sinki. Michoro haikuwepo. Alisema ataiongeza, na pengine alikusudia kweli.

Mama mdogo alihesabu vipande mia moja themanini na sita. Kisha macho yakaingia mtoto wa jicho, yote mawili, akaacha kazi. Sisimizi akaanzia cha mia moja themanini na saba.

Sasa miezi kumi na minane ilikuwa imepita, na Jumatatu hiyo Daktari aliingia na karatasi ndefu, akaibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye mifuko chini ya macho ambayo ungeweza kuwekea akiba ya vitunguu. Miaka kumi na tisa alikuwa ndani ya chumba hicho. Wakubwa wa jengo walishamwambia kwamba kama hakuna jambo jipya, mwisho wa mwaka chumba kinakwenda kwa watu wa kompyuta.

"Njooni muone," alisema. "Wote wawili."

Wakaenda. Kwenye karatasi kulikuwa na mistari miwili, mwekundu na wa buluu. Kwa urefu wote wa juu, mwekundu ulitembea mbali kulia, na buluu ukabaki pembeni kushoto. Halafu mahali pamoja mistari ikapishana kama watu waliogombana njiani, na chini ya hapo buluu ndio ukawa mbali, mwekundu pembeni.

"Mwekundu ni kofia," Daktari alisema. "Anapenda maji ya vuguvugu. Buluu ni kengele, wa maji ya baridi. Huku chini, zamani, kengele wamejaa. Bahari ilikuwa baridi. Hapa, kipande cha mia moja themanini na saba, wanatoweka, wanaingia kofia. Bahari imepata joto. Na si polepole. Ghafla."

"Ghafla kama shemeji yangu akiulizwa alilala wapi," Fundi Asidi alisema.

Daktari hakucheka, lakini uso ulilegea. "Hakuna aliyewahi kuliona hili sehemu hiyo. Ijumaa nitawasomea wataalamu wa nchi nyingine, kwa njia ya mtandao. Watu zaidi ya mia. Wakilikubali, hiki chumba hakiguswi." Akamtazama Sisimizi. "Na wewe hugusiwi kiti."

Sisimizi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akiangalia pale mistari ilipopishana. Mia moja themanini na saba. Kipande chake cha kwanza. Akaona kijoto kidogo kifuani, kile cha mtu ambaye hajawahi kuwa wa kwanza kwenye kitu chochote. Alifungua mlango tu, na bahari ikageuka.

Jioni alifika nyumbani miguu ikimuuma, akamkuta mama mdogo ameketi kwenye mkeka na sinia la maharage mapajani, anachambua kwa vidole. Macho yake yalikuwa na ukungu kama kioo cha bafuni. Waliishi wawili, vyumba viwili, tangu mama mzazi alipofariki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechoka, nasikia viatu vinaburuzwa. Haya, leo umeona nini?"

Aliuliza hivyo kila jioni. Mtu aliyetazama bahari kwa jicho la hadubini miaka mingi hawezi kukaa na giza bila habari.

"Kengele," Sisimizi alijibu, akikaa chini. "Kengele tu, mama. Mpaka nikifumba macho nawaona."

"Kengele?" Mama mdogo alitoa jiwe dogo, akalirusha pembeni. "Ajabu. Kwangu kengele walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Wanne, watano katika mia tatu. Nilikuwa nikimpata mmoja nafurahi, maana ni mzuri, na lile domo lake lililotanuka."

"Domo lipi?"

"Domo lake, pale chini. Limefunguka kama sketi ya bibi harusi."

Sisimizi alikuwa ameanza kuvua kiatu. Akakiacha nusu.

"Mama, kengele hana domo. Kengele ni yule wa mviringo, amekatika chini, basi. Kofia ndiye mwenye ukingo."

"Nani kakwambia? Kofia ana ukingo wapi? Kofia ni kofia, ile ya duara wanayovaa wanaume, inakaa kichwani kama bakuli limefunikwa. Ukingo wa nini?"

"Ukingo wa kuzuia jua."

"Hiyo ni kofia ya mkulima."

"Si ndiyo kofia?"

Mama mdogo aliacha kuchambua. Vidole vikabaki juu ya maharage. "Na kengele kwako ni nini?"

"Kengele ya baiskeli."

Nje mtu alikuwa anafua, maji yakimwagika kwenye beseni. Mwisho mama mdogo alisema, kwa sauti ndogo, "Mimi nilikuwa nasema ile ya kushika mkononi. Ya mwalimu."

"Shuleni kwetu walikuwa wanagonga chuma cha gari," Sisimizi alisema.

Hawakuliongelea tena usiku huo. Mama mdogo alisema labda huko chini kweli bahari ilikuwa na wageni, na Sisimizi akasema labda. Lakini maharage yaliungua, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Jumanne asubuhi Sisimizi hakwenda kwenye slaidi ya siku. Alifungua kabati la zamani, akatoa sanduku la kipande cha mia moja themanini na sita, cha mwisho cha mama mdogo. Akaweka slaidi ya kwanza chini ya lenzi. Kabla hajahesabu hata mmoja, alishaona. Walikuwa wamejaa wale wale wa mviringo, waliokatika chini, marafiki zake wa miezi kumi na minane. Hata hivyo alihesabu, safari hii akiandika aina hizo mbili tu, wengine akiwapita kwa idadi. Alifundishwa kwamba jicho huona linachotaka na hesabu huona kilichopo. Ilipofika saa saba mchana alikuwa na mia tatu: wasio na ukingo mia moja na tisa, wenye ukingo wanne.

Akafungua daftari la mama mdogo ukurasa ule. Kofia, mia moja na kumi na mbili. Kengele, wanne.

Tofauti ya watatu. Hata yeye mwenyewe akihesabu mara mbili hupata tofauti hiyo. Mama mdogo hakukosea. Na yeye Sisimizi hakukosea. Alikaa akitazama mikono yake juu ya meza. Bahari ile ilikuwa vile vile, juu na chini, baridi yake ile ile, joto lake lile lile. Kilichobadilika pale kwenye mia moja themanini na saba ni makalio yaliyokaa kwenye kiti.

Fundi Asidi aliingia akivua glovu, harufu ya asidi ikimtangulia kama kawaida. Akaona sanduku la zamani.

"Unarudi nyuma leo? Sisimizi wa kwetu wanakwenda mbele."

"Fundi," alisema, na Fundi akasimama, maana ilikuwa nadra kwa Sisimizi kuanza maneno. "Nikikwambia kengele, unaona nini?"

"Simu," Fundi alijibu bila kufikiri. "Saa kumi na moja alfajiri, nataka kuitupa ukutani."

"Na kofia?"

"Yangu ile ya sufu. Mke wangu anasema nikiivaa nafanana na njiti ya kiberiti." Akamtazama vizuri. "Kuna nini?"

"Hakuna."

"Hakuna yako inachechemea," Fundi alisema, lakini alikuwa na tope linachemka, akaondoka.

Mchana huo Sisimizi alitazama slaidi za kipande cha mia moja themanini, kisha cha mia moja hamsini, kisha akachukua kimoja cha juu zaidi, cha thelathini. Hakuhesabu, alitazama tu. Kote ni wale wale. Kila alipoinua kichwa shingo ililia. Karatasi ya Daktari ilikuwa ukutani, mistari yake ikipishana vizuri, na kutoka chumba cha pili ilisikika sauti ya Daktari mwenyewe akijifunza kusoma maneno yake kwa sauti, akianza, akikohoa, akianza upya.

Angemwambia nini? Tangu utoto maneno yalimkwama hapa, chini ya koo. Darasani mwalimu alipomuuliza jibu alilolijua, alisimama akalia. Darasa la tano aliacha shule kumuuguza mama yake, na katika huzuni yote ile kulikuwa na nafuu moja ya aibu, kwamba hataulizwa tena mbele ya watu. Kazi hii aliipenda kwa sababu haikumtaka aongee. Na akiongea, chumba kinakwenda, kiti kinakwenda, na hana cheti hata kimoja cha kubisha hodi mlango mwingine.

Jumatano jioni alimweleza mama mdogo yote, na tarakimu zake.

Mama mdogo alisikiliza akiwa amelala chali, kitambaa chenye maji machoni. Alipomaliza kusikia alisema, "Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mama."

"Nani atajua? Wewe na mimi. Wako chini ya bahari, wamekufa, hawatakuja kudai majina yao. Yule mzee miaka yote anakula vumbi, aache afurahi mara moja."

"Atasema uongo mbele ya watu mia."

"Hajui kama ni uongo, kwa hiyo si uongo."

"Mimi najua."

Mama mdogo aliondoa kitambaa. Akaketi, polepole, akipapasa ukuta. "Unajua atakachouliza kwanza? Atauliza, huyu binti alifundishwaje? Wiki sita ulizokaa naye pale, mbona hukumwonyesha kofia ni ipi na kengele ni ipi?" Akakikunja kile kitambaa. "Si uliona nilivyokuwa nakufundisha?"

Sisimizi alikumbuka. Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, akisema: sasa tafuta tenga, umemwona? Ana matundu. Haya, tafuta kofia, kofia unaijua. Hakuwahi hata mara moja kuinama kwenye lenzi. Sisimizi alidhani ni heshima anayopewa, kwamba anaaminiwa.

"Ulikuwa huoni," alisema.

"Nilikuwa siwaoni hao. Watu nilikuwa naona, kwa mbali, kama moshi. Kazi yangu niliimaliza kwa jicho moja, slaidi moja siku mbili, na sikukisia hata mmoja, Mungu shahidi. Likaisha jicho hilo nalo. Ningesema, Daktari angetangaza kazi, angekuja mtu wa vyeti. Nikamwambia bado naona, nipe wiki sita nimfundishe mwanangu kwa macho yangu. Nikakufundisha kwa mdomo." Alifuta mashavu kwa kiganja. "Jina langu zuri pale ndilo lililobaki. Yaliyobaki yote ni giza. Nyamaza, mwanangu. Kunyamaza ndiyo kazi unayoijua."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa uchovu, kama mtu anayeomba maji. Lakini neno hilo lilimwingia Sisimizi, akageuka ukutani, akalala na nguo za kazini.

Alhamisi alikwenda mpaka mlango wa Daktari mara tatu. Mara ya kwanza alirudi. Mara ya pili alipiga hodi, na Daktari alipoitikia akaingia, akachukua kikombe kitupu juu ya meza, akakiosha, akakirudisha. Mara ya tatu Daktari alisema bila kuinua kichwa, "Sisimizi, kikombe hiki sasa ni kisafi kuliko roho yangu. Unataka nini?"

Sisimizi akaonyesha kidole kuelekea chumba cha hadubini. Daktari akamfuata, karatasi zake za kesho mkononi.

Sisimizi alikuwa ameziweka hadubini mbili sambamba. Chini ya moja, slaidi ya mia moja themanini na sita. Chini ya nyingine, ya mia moja themanini na saba.

"Tazama, Daktari. Halafu hii."

Daktari aliinama. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi ya kwanza. Alikaa hapo muda mrefu. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga kama mtu anayetafuna.

"Umebandika kitu kimoja kote," alisema. "Hizi zote ni za upande mmoja."

"Hapana, Daktari. Soma namba."

Akasoma namba kwenye kona za slaidi. Akainama tena.

"Huyu hapa," alisema, sauti imeshuka, "wa mviringo. Wewe unamwandika nani?"

"Kengele."

"Na mama yako mdogo?"

"Kofia."

"Kengele? Wapi na wapi? Kengele gani ya namna hii?"

"Ya baiskeli," Sisimizi alisema, na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, mengine yakatoka, polepole, moja moja, kama anavyohesabu. Kofia ya duara na kofia ya jua. Kengele ya mwalimu. Mia moja na kumi na mbili kwa mia moja na tisa. Vipande sabini na vinne, viumbe laki moja na elfu kumi na moja, kila kofia ni kengele na kila kengele ni kofia. Hakuwahi kuongea maneno mengi hivyo mfululizo, na alipomaliza alikuwa anahema.

Daktari alivuta kiti, akakaa. Zile karatasi zake aliziweka sakafuni, si mezani, kana kwamba meza iko mbali.

"Kwa hiyo bahari haikubadilika."

"Haikubadilika."

"Kesho ningesimama mbele ya watu mia kuwaeleza habari za kengele ya baiskeli." Alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko. "Mama yako mdogo alikuwa anaona? Niambie kweli."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alitazama sakafu. "Alipohesabu, aliona. Nimemkagua, hesabu yake ni sawa. Aliponifundisha, hakuona. Alinifundisha kwa mdomo."

"Akanidanganya."

Uso wa Daktari ulikuwa umeanza kukaza, na Sisimizi alijua neno linalofuata litakuwa juu ya mama mdogo, na litakuwa baya. Daktari aliinuka, akaenda kwenye rafu, akavuta faili jembamba la kijani. Lilikuwa faili la ukaguzi. Kanuni yake mwenyewe ilikuwa kwamba mhesabuji mpya hukaguliwa kila kipande cha kumi: mkuu anaketi, anatazama slaidi, analinganisha majina, anatia sahihi. Alilifungua ili, pengine, aonyeshe ushahidi. Akasimama nalo wazi.

Mia moja tisini. Mia mbili. Mia mbili na kumi. Mpaka mia mbili sitini. Sahihi nane, zote za wino mmoja, na mbele ya kila moja neno: Nimekagua.

Sisimizi alizikumbuka sahihi hizo. Daktari alikuwa akipita mlangoni na koti mkononi, anauliza, iko sawa? Yeye anaitikia kwa kichwa. Daktari anaegemeza faili kwenye fremu ya mlango, anaandika, anakwenda zake. Alikuwa amechoka. Kila mtu ndani ya jengo hilo alikuwa amechoka.

"Yule mama alikuwa haoni," Daktari alisema. "Mimi nilikuwa na macho mawili na miwani."

Akalifunga faili, akalirudisha rafuni, taratibu, likiwa limenyooka na mengine. Neno baya juu ya mama mdogo halikuja.

Fundi Asidi alichungulia, akauliza kama wanataka chai. Akaitazama karatasi ukutani, akawatazama wao, akaondoka bila mzaha, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Chumba watakichukua," Daktari alisema.

"Najua."

"Ulijua, ukaja."

"Nilirudi mara mbili," Sisimizi alisema.

Daktari aliitikia kama mtu aliyepewa maelezo ya kutosha. Aliokota karatasi zake sakafuni, akazipanga. Kesho, alisema, atawaambia wale watu kwamba kwa muda wote wa vipande mia mbili sitini bahari ilikaa vile vile. Ni kweli, na kweli hiyo nayo imechukua miaka kuihesabu, ingawa hakuna atakayepiga makofi. Atawaambia pia kilichotokea, kuhusu majina, ili wengine wasiingie shimo hilo. Kisha akaibandua karatasi ya ukutani. Gundi iling'oa rangi kidogo, pakabaki vidoa vinne.

"Leo ulikuwa kipande gani?"

"Mia mbili sitini na moja. Nimehesabu slaidi moja tu. Tangu Jumanne nilikuwa nyuma."

"Endelea."

"Niandike nini, Daktari? Kofia ni yupi?"

Alifikiri, mkono kwenye kitasa cha mlango. "Andika mwenye ukingo na asiye na ukingo. Na uwachore pembeni, wote wawili, hata kama unachora vibaya."

Sisimizi akakaa. Akachora wa kwanza, akatoka kama sufuria. Akafuta, akachora tena. Halafu akainama kwenye lenzi na kuanza kuhesabu, mmoja, wawili, watatu, wote wasio na ukingo, na ilipofika saa ya kutoka alikuwa amefika mia moja na arobaini tu, akaiacha slaidi hapo hapo na kuifunika.

Nyumbani mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni tangu saa kumi, mikono tupu, hana hata maharage. Alisikia hatua, akajua.

"Umesema."

"Nimesema. Shikamoo, mama."

Hakuitikia salamu. Sisimizi alimpita, akaingia, akakaa chini na kuegemea ukuta. Mama mdogo alimfuata akipapasa, akakaa karibu naye, si karibu sana.

"Na mimi umenisema."

"Aliniuliza. Nimemwambia ukiwa unahesabu uliona, na hesabu yako iko sawa. Nimekukagua mwenyewe, mama. Watatu tu katika mia tatu."

"Watatu," mama mdogo alirudia. Alikuwa anapima neno hilo mdomoni kama mtu anayeonja chumvi. "Kwa jicho moja. Wewe ulipata ngapi?"

"Mia moja na tisa. Wewe mia moja na kumi na mbili."

"Hesabu tena. Wale watatu wako pembeni ya kioo, huwa wanajificha kwenye gundi. Vijana hamtazami pembeni." Akanyoosha miguu. "Alisemaje, Daktari?"

"Alisema yeye alikuwa na macho mawili."

Mama mdogo hakuelewa, na hakuuliza. Alikaa akigeuzageuza pete kidoleni. "Chumba je?"

"Mpaka mwisho wa mwaka. Halafu hatujui."

"Marahaba," mama mdogo alisema, kwa kuchelewa, akiitikia ile salamu ya mlangoni. Kisha akasema, "Sasa hebu niambie. Hesabu yangu sawa. Yako sawa. Mimi sikukosea kofia, wewe hukukosea kengele. Aliyekosea ni nani?"

Pembeni palisikika pumzi nzito tu. Alinyoosha mkono, akagusa bega, akagusa shavu. Sisimizi alikuwa ameshalala, kichwa ukutani, shingo imepinda, viatu miguuni. Mama mdogo alikitafuta kiatu kimoja kwa vidole, akaanza kufungua kamba.